Kiwewe cha vita: usimwache njiani anayesimulia

Kati ya tiba za mazungumzo kwa walionusurika vitani, ipi ni bora?

Naletewa swali hili kila mara, na kila mara mgonjwa mwenyewe hatajwi: alipatwa na tukio moja au kumi, bado yuko hatarini au la. Bila hayo sitaji jina la tiba. Nitakachosema ni kwamba tiba zinazoifikia kumbukumbu yenyewe huzidi zile zinazoizunguka. Utafiti wa wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda, uliochapishwa 2004, ulionyesha hivyo. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliosimulia maisha yao kwa mpangilio katika vikao 4, asilimia 29 tu ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopewa ushauri nasaha wa kuwatia moyo, ilikuwa asilimia 79. Kundi ni dogo, lakini pengo hilo si la kupuuza. Pole na maneno matamu hayatoshi, na wanaoishia hapo wanawapotezea wagonjwa muda.

Kumkumbusha si kumtonesha kidonda?

Kinachotonesha ni kisa kuachwa nusu. Mtu anafika pale mlango ulipovunjwa, anaanza kulia, msikilizaji anaingiwa na hofu na kumwambia, "Basi, yaache." Anarudi nyumbani akili yake ingali pale mlangoni.

Katika tiba ya masimulizi, kamba hulazwa sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua palipokuwa na furaha, jiwe palipokuwa na kitisho. Kisha mnapita jiwe moja baada ya jingine, polepole. Ulisikia nini? Mikono yako ilikuwa wapi? Moyo ulikwendaje wakati ule, na sasa hivi unakwendaje? Kikao hakifungwi hofu ikiwa kileleni. Mnavuka hadi kilichofuata, hadi mwili utulie. Mtaalamu huandika kisa, na kikao kijacho humsomea ili akirekebishe. Taratibu tukio linapata mahali na wakati wake, badala ya kumrukia kila usiku kama linatokea upya.

Wanaowaita wanusurika wasimulie mbele ya kamera au wageni, kisha wakawaacha, wasiseme wanatibu. Wanawaumiza.

Ile tiba ya kusogeza macho, mgonjwa akifuata kidole cha mtabibu huku akikumbuka tukio, ni kweli?

Ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unaitaja pamoja na tiba ya fikra na tabia, inayomfunza mgonjwa kubadili anavyowaza na anavyotenda. Lakini anayekupitishia kidole machoni bila kwanza kuuliza historia yako, mkimbie.

Naomba jina la vidonge vya usingizi, jinamizi halimwachi kaka yangu.

Sitakupa, na wengine msiniandikie tena kuhusu hili. Dawa za jamii ya diazepam hazitibu kiwewe, na kuziacha ni kazi ngumu kuliko kuzianza. Kama tayari anazitumia, asizikatishe ghafla. Amwone daktari azipunguze.

Hatuna wanasaikolojia huku. Tufanye nini?

Msikate tamaa. Katika utafiti wa 2013, wanawake walionusurika ukatili wa kingono mashariki mwa Kongo walitibiwa kwa vikundi na wahudumu wa jamii wasio wanasaikolojia. Walijifunza kupima upya fikra kama "mimi ndiye niliyesababisha". Miezi sita baadaye, asilimia 9 walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliozidi; kwa waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja, asilimia 42. Dalili za kiwewe nazo zilipungua vivyo hivyo. Ila wahudumu hao walifunzwa na kusimamiwa. Semina ya siku mbili na cheti ukutani havimfanyi mtu kuwa mtabibu.

Mume wangu amerudi vitani, hazungumzi. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, dada yangu. Mwambie ulichokiona: halali, anashtuka mlango ukigongwa, watoto hawakaribii. Mwambie huu ni ugonjwa na una tiba, kisha jitolee kumsindikiza kikao cha kwanza. Akitamka kwamba heri afe, usimwache peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.