Coaster ya Arusha hadi JKIA: uliza bei ya kufika mlangoni

Tiketi ya ndege inayoondokea Nairobi, uwanja wa JKIA, mara nyingi huwa nafuu kuliko ya KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ndiyo maana wengi wetu wa Arusha na Moshi tunapanda Coaster kwenda kuifuata huko. Sina ugomvi na hilo, hata mimi nafanya hivyo. Ila nauli unayotajiwa ofisini ni nadra kuwa ndiyo pesa yote itakayokutoka.

Safari yangu ya mwisho kijana wa ofisini aliniambia, "Airport unafika dada, ondoa shaka." Tulipofika Namanga konda akapita kiti hadi kiti akikusanya "ya mpaka", kana kwamba ni jambo la kawaida. Ya mpaka ipi? Mtanzania halipi viza kuingia Kenya, na hatuhitaji hata ile eTA, kibali cha safari cha mtandaoni kilichoanza Januari 2024. Unashuka na pasipoti yako, unagongewa mihuri ya kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, basi. Mama mmoja nyuma yangu alimdai risiti, na mkono wa konda ukarudi mfukoni bila maneno. Waliokwisha kutoa hawakurudishiwa.

Kubwa zaidi lilikuja tulipopita Athi River. "Wa airport mko wangapi?" Tulikuwa wawili. Kumbe gari haliingii uwanjani mpaka tuongeze hela, vinginevyo tushuke Mombasa Road na teksi ya rafiki yake itatuchukua. Nilimwambia sina shilingi za Kenya za kutosha, akageuza tiketi yangu na kuniandikia kwa kalamu kiwango chake cha kubadilishia, kiwango ambacho duka lolote la fedha pale Namanga lingeona aibu kukibandika ukutani.

Nawaelewa kidogo. Kwenye geti la JKIA abiria wote hushuka na kupita ukaguzi kwa miguu, gari likakaguliwa peke yake, na abiria kumi na kitu wanaoelekea mjini hawapendi kusubiri kwa ajili ya watu wawili. Lakini hilo kampuni inalijua tangu Arusha. Kama kuingia kuna gharama, liwekwe kwenye nauli nilipe nikiwa bado nina uwezo wa kwenda ofisi ya jirani.

Kwa hiyo sasa siulizi "mnafika airport?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Nauliza: gari hili hili linaingia ndani, au nahamishiwa teksi? Teksi analipa nani? Begi la pili ni bure? Halafu naomba majibu yaandikwe kwenye tiketi: JKIA, Terminal 1A, mabegi mawili, imelipwa yote. Taja terminal, kwa sababu ukishushwa 1A wakati ndege yako iko Terminal 2, utavuta mabegi mwendo usio mdogo. Karani akisita kuandika, umeshapata jibu lako.

Lipa kwa namba ya kampuni, si ya kijana. Ukitajiwa bei kwa dola kaunta ya Arusha, kataa: kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini. Beba shilingi za Kenya kidogo ulizobadilisha mwenyewe, hata za maji tu, usiwe mateka wa kalamu ya mtu.

Saa nazo ziangalie. Muda wanaokutajia ni wa barabara nyeupe, haujahesabu foleni ya Namanga wala ya Mombasa Road jioni. Expressway inaanzia Mlolongo lakini ina tozo, na dereva wako hana haraka kama wewe. Ndege ya usiku, panda gari la asubuhi. La mchana liache kwa anayekwenda kulala Nairobi.

Huduma ya ndani ya gari sina mengi ya kusema: kiti cha kukunja katikati ya njia, begi la mtu magotini, feni haizunguki. Hayo tumeyazoea, ingawa hatukupaswa. Ya fedha usiyaache. Piga picha tiketi na namba ya gari, kisha peleka malalamiko LATRA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ukiwa na karatasi mkononi. Mimi nilianza na meneja wa ofisi. Alibisha sana, mpaka nilipogeuza tiketi akaona mwandiko wa konda wake, ndipo akafungua droo na kunirudishia ile nyongeza ya airport.