Maswali Yenu: Ligi Kuu Tano za Ujerumani na Msimu wa Njaa wa 1947/48

Juma lililopita niligusia kwa mistari michache tu msimu wa 1947/48 wa soka la Ujerumani, na maswali yakamiminika. Nimechagua yaliyorudiwa na wengi. Mengine nimeyafupisha, ila maana yake sijaigusa.

"Nchi moja iwe na ligi kuu tano kwa wakati mmoja? Na bingwa anapatikanaje hapo?" (Msomaji, Tanga)

Kwanza tuelewane: mwaka 1947 haikuwa nchi moja. Baada ya Ujerumani kusalimu amri Mei 1945, washindi wa vita waligawana ardhi yake vipande vinne: Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti. Jiji la Berlin nalo likagawanywa vivyo hivyo. Kila mkubwa alikuwa na amri zake, vibali vyake na vizuizi vyake barabarani. Timu ya eneo la Wafaransa isingeweza kujipakia kwenye gari asubuhi na kwenda kucheza kwa Wamarekani bila ruhusa.

Kwa hiyo soka likaota upya palepale lilipoangukia. Ligi hizi ziliitwa Oberliga, yaani ligi ya juu. Ya Kusini ilianza tarehe 4 Novemba 1945, hata miezi sita haijatimia tangu bunduki zinyamaze. Kusini-Magharibi na Berlin nao walianza msimu huohuo. Magharibi na Kaskazini, kwa Waingereza, zilisubiri hadi 1947. Ndiyo maana nikauchagua msimu ule: ni wa kwanza ambao zote tano zilichezwa kwa pamoja.

Chukua ramani uitazame miji ya Mannheim na Ludwigshafen. Inatazamana, katikati umepita mto Rhine tu. Kwa kawaida hao ndio watani wa jadi. Lakini Mannheim ilikuwa upande wa Wamarekani na Ludwigshafen upande wa Wafaransa, basi mmoja akacheza ligi ya Kusini na mwenzake ya Kusini-Magharibi. Mipaka ya ligi haikuchorwa na watu wa mpira. Hilo ukilishika, mengine yote yanaeleweka.

Hata ukubwa wa ligi haukufanana. Kusini kulikuwa na timu 20, mechi 38 kwa kila moja. Kaskazini timu 12 tu, mechi 22, na hata hizo hazikutosha kuwatenganisha majirani wawili wa Hamburg, HSV na St. Pauli. Walimaliza na pointi sawa, ikabidi wacheze mechi ya ziada na HSV wakashinda 2-1. Mwisho wa msimu timu nane kutoka pande zote ziliingia mchujo wa taifa, wa kwanza tangu 1944. Fainali ilipigwa Köln tarehe 8 Agosti 1948 mbele ya watu 75,000: 1. FC Nürnberg 2, Kaiserslautern 1.

"Nilisikia wachezaji walilipwa viazi. Kweli au porojo?" (Msomaji, Nakuru)

Kweli tupu. Majira ya baridi ya 1946/47 yalikuwa makali mno, na katika miji ya Ruhr, eneo la viwanda, mgao wa chakula ulifika mahali ukashuka hata chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mtu anayekimbia dakika 90 kwa mgao huo anakula mwili wake mwenyewe. Basi klabu za mijini zikawa zinakwenda vijijini kucheza mechi za kirafiki, na wenyeji wakulima wanalipa kwa viazi, unga, mayai au nyama ya nguruwe. Wenyewe waliziita mechi za kalori. Timu kubwa yenye majina inacheza na vijana wa kijiji kwenye uwanja wa nyasi ndefu, halafu inarudi mjini na magunia.

St. Pauli ndio wanaonivutia zaidi hapa. Walikuwa na beki aliyeitwa Karl Miller, na baba yake alikuwa na bucha. Wakati ambao nyama ilikuwa ndoto, bucha lile lilikuwa na mvuto kuliko mkataba wowote. Wachezaji wazuri wakavutika, kadhaa kutoka Dresden ambako Miller aliwahi kucheza wakati wa vita, na St. Pauli, klabu ya mtaa wa bandarini, ikawa miongoni mwa timu bora kabisa za miaka ile. Nikiona leo watu wanabishana kuhusu ada za usajili, akili yangu huenda kwenye lile bucha.

Halafu jambo moja ambalo hukosekana kwenye takwimu: msimu ulianza na fedha moja ukaisha na nyingine. Tarehe 20 Juni 1948 marka ya zamani ilifutwa na watu wa maeneo ya magharibi wakapewa marka mpya 40 kila mmoja. Fainali ya Köln ilichezwa wiki saba baadaye. Mwaka huohuo wakubwa wa mpira waliruhusu mchezaji alipwe kwa mkataba, lakini asizidi marka 320 kwa mwezi, na lazima awe na kazi nyingine. Mchana fundi, jioni mazoezini.

"Uliandika kwamba timu moja ilinyimwa ruhusa ya kwenda kucheza robo fainali. Tueleze." (Wasomaji watatu: Dar es Salaam, Kigoma na Muscat)

Hili ndilo lililonifanya niandike juma lile.

Timu iliitwa SG Planitz. Planitz leo ni sehemu ya mji wa Zwickau, huko Saxony, upande uliokuwa wa Wasovieti. Upande huo haukuwa na ligi kama zile tano. Klabu za zamani zilivunjwa, na vikundi vya michezo vya mitaa vikaundwa mahali pake. Tarehe 4 Julai 1948, mjini Leipzig, Planitz waliifunga Freiimfelde Halle 1-0 wakawa mabingwa wa eneo lao. Ratiba ilikwishawapangia mpinzani na uwanja: 1. FC Nürnberg, Stuttgart.

Hawakwenda. Kibali cha kusafiri hakikutolewa. Siku kumi kabla ya ushindi wao, Wasovieti walikuwa wamefunga barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi, na fedha mpya ilikuwa imeigawa nchi hata mifukoni. Timu ya mpira ilikuwa kitu kidogo sana kati ya milima hiyo miwili. Nürnberg wakavuka hadi nusu fainali bila kugusa mpira, wakawatoa St. Pauli 3-2 katika muda wa nyongeza, na mengine mnayajua.

Siwanyimi Nürnberg haki yao. Walikuwa timu bora, na ubingwa ule ulikuwa wa saba kwao. Lakini kila nikiona jina lao mbele ya mwaka 1948 nawaona pia wale vijana wa Planitz, ambao hata kufungwa hawakupewa nafasi ya kufungwa. Mchezaji anaweza kuishi na kipigo, atakisimulia hadi uzeeni. Mechi ambayo haikuchezwa ataisimuliaje?

Na haikuishia hapo. Mwaka 1950 Union Oberschöneweide wa Berlin Mashariki walipangiwa HSV mjini Kiel, nao wakanyimwa ruhusa. Wachezaji wengi waliondoka hivyohivyo, wakacheza, wakafungwa 7-0, kisha wakabaki magharibi na kuanzisha klabu mpya, Union 06. Mwaka huohuo wana-Planitz walikuwa wakicheza kwa jina jipya, Horch Zwickau, na wakawa mabingwa wa kwanza wa ligi ya Ujerumani Mashariki kwa kuifunga Dresden-Friedrichstadt 5-1 kwao Dresden. Muda mfupi baadaye wachezaji wengi wa Dresden nao walihamia magharibi, na kiongozi wao akiwa Helmut Schön. Ndiye huyohuyo aliyeifundisha Ujerumani Magharibi ilipotwaa Kombe la Dunia 1974.

"Ushindi ulikuwa pointi ngapi?" (Msomaji, Iringa)

Mbili. Sare moja.

"Nani alikuwa mfungaji hatari zaidi wa ligi zile?" (Msomaji, Kisumu)

Wapo wengi. Max Morlock wa Nürnberg, Fritz Walter wa Kaiserslautern, na baadaye Uwe Seeler wa HSV. Mimi nitamtaja Robert Schlienz wa VfB Stuttgart. Katika msimu wa kwanza wa Kusini, 1945/46, alifunga mabao 46 katika mechi 30, na VfB wakawapiku Nürnberg kwa pointi moja tu.

Agosti 1948, siku chache baada ya ile fainali ya Köln, Schlienz alikuwa njiani kwenda kucheza Aalen. Gari likapinduka, na mkono wake wa kushoto ukasagika kiasi kwamba ilibidi ukatwe. Alikuwa na miaka 24.

Jaribu kitu kimoja. Bana mkono wako wa kushoto kifuani, kisha kimbia hatua kumi na ugeuke ghafla. Utahisi mwili unavutwa upande mmoja. Sasa fikiria beki anakuegemea, uwanja umelowa, na ukianguka huna mkono wa kujikinga. Kocha wake, Georg Wurzer, hakumwacha. Alimfundisha upya jinsi ya kukimbia kwa mizani na jinsi ya kuanguka, akamtoa mbele na kumweka kiungo. Kabla mwaka haujaisha Schlienz alikuwa amerudi uwanjani. Alikuwa nahodha wa VfB walipotwaa ubingwa wa Ujerumani 1950 na 1952, na mwaka 1955 akaitwa timu ya taifa, ambako alicheza mechi tatu. Uwanja mmoja wa VfB una jina lake hadi leo.

"Ni kweli timu ya Kijerumani iliwahi kuongoza ligi ya Ufaransa?" (Msomaji, Bujumbura)

Ni ligi daraja la pili, na ni kweli. Wafaransa waliitenga Saar, eneo la mpakani kwao, kutoka maeneo yao mengine ya Ujerumani, wakitaka iwe karibu nao. 1. FC Saarbrücken ikaiacha ligi ya Kusini-Magharibi na msimu wa 1948/49 ikacheza daraja la pili la Ufaransa kama mgeni. Ikamaliza juu ya wote, lakini milango ya daraja la kwanza haikufunguliwa. Saar ilifika hadi kuwa na timu yake ya taifa, na katika kufuzu Kombe la Dunia 1954 ikapangwa kundi moja na Ujerumani Magharibi. Kocha wa Saar alikuwa yuleyule Helmut Schön. Alifungwa 3-0 ugenini na 3-1 nyumbani.

"Wakoloni wetu wa zamani hawa, wenye utaratibu kwa kila kitu, walichelewaje hadi 1963 kuwa na ligi moja?" (Msomaji, Bagamoyo)

Vipande vile viliwekwa na wanajeshi, lakini baadaye watu wa mpira walivizoea. Wakubwa wa kila kanda walikuwa na viti vyao, klabu za kati zilikuwa na uhakika wa kupokea wageni wakubwa kila mwaka, na wengi waliamini kumlipa mchezaji mshahara kamili ni kuuharibu mchezo. Hata kutwaa Kombe la Dunia 1954 hakukubadilisha mfumo. Wachezaji watano wa Kaiserslautern walicheza ile fainali ya Bern, wakarudi nyumbani kuendelea na ligi yao ya kanda.

Hoja yangu ni kwamba ligi zile zilikuwa nzuri kwa mtazamaji wa mtaani na mbaya kwa timu kubwa. HSV walichukua Kaskazini misimu 15 kati ya 16. Mwaka pekee waliokosa, 1954, Hannover 96 walipita na kutwaa ubingwa wa taifa kabisa kwa kuwachapa Kaiserslautern 5-1. Ushindani wa kweli ulikuwa wiki chache tu za mchujo.

Kura ya kuanzisha ligi moja, Bundesliga, ilipigwa Dortmund tarehe 28 Julai 1962. Klabu 46 ziliomba nafasi 16. Bayern München waliachwa. Mji wao ulikuwa na nafasi moja, na TSV 1860 ndio waliokuwa mabingwa wa Kusini wa 1963. Bundesliga ikaanza tarehe 24 Agosti mwaka huo bila wao.

"Je, kuna mtu wa ligi zile aliyewahi kufika kwetu?" (Msomaji, Kigali)

Yupo, tena kwako hapo Kigali. Rudi Gutendorf, mzaliwa wa Koblenz, alicheza TuS Neuendorf katika ligi ya Kusini-Magharibi. Ni klabu ndogo ambayo mwaka 1948 iliwatoa HSV 2-1 katika robo fainali, kabla ya kupigwa 5-1 na Kaiserslautern. Baadaye akawa kocha asiyetulia, aliyefundisha katika nchi zaidi ya 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliifundisha Tanzania, na mwaka 1999, akiwa na miaka 73, akaichukua timu ya taifa ya Rwanda. Wazee wa mpira wa Dar es Salaam wenye kumbukumbu naye, niandikieni. Nazitaka sana.

"Nürnberg walikabidhiwa kombe gani 1948?" (Msomaji, Zanzibar)

Si la zamani wala si sahani ya siku hizi. Kombe la zamani, ile sanamu ya mungu wa kike Viktoria, lilikuwa mikononi mwa Dresden, mabingwa wa mwisho wa wakati wa vita, nalo likapotelea mashariki. Sahani ya fedha mnayoiona siku hizi ilitengenezwa kwa ajili ya 1949, na wa kwanza kuandikwa kama mabingwa wa enzi yake walikuwa VfR Mannheim, waliowafunga Dortmund 3-2 kwenye jua kali la Stuttgart. Viktoria ilikuwa imefichwa miaka yote ile. Ilirudishwa kwa chama cha mpira mwaka 1990, ukuta ukiwa umeshaanguka.