Machale yakikucheza yaulize yameona nini

Marahaba mwanangu.

Meseji yako niliipata juzi usiku, nikaisoma nikairudia, nikaona hili sio la kujibu kwa maneno mawili kwenye simu ndo maana nimekaa nikuandikie vizuri. Umesema yule mwenzako mnayetaka kufungua naye biashara kashaleta mkataba, kwenye karatasi kila kitu kiko sawa, rafiki zako wote wanakwambia saini hiyo ni bahati, ila wewe kila ukishika kalamu roho inakataa. Halafu ukaniuliza, "Baba, nitajuaje kama haya ni machale kweli au ni woga wangu tu, maana tangu nilipotapeliwa ile mara ya kwanza naona kila mtu mwizi?"

Swali hilo limenigusa kwa sababu jibu lake nililinunua, nimelilipia mimi na nyie pia mmelilipia, nitafika huko.

Nianze na barabarani maana ndo nilikojifunzia. Usiku mmoja mvua imetoka kukatika, nina mzigo mzito, nashuka mteremko ninaoujua kama kiganja changu, utingo kalala pembeni. Nikajikuta nimetoa mguu kwenye mafuta. Nikashusha gia, nikashusha tena. Hakuna kibao, hakuna taa mbele, moyo unadunda tu. Utingo akashtuka na mlio wa injini akauliza vipi mzee, nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui. Tukaingia kwenye kona tunatambaa, na hapo ndani ya kona kuna lori limelala kwa ubavu, taa zimezima zote, limeziba njia nzima. Tulisimama karibu kiasi kwamba namba zake nazisoma. Nikazima gari, mikono iko kwenye usukani, nikashindwa kuitoa.

Mlikuwa wadogo, sikuwahi kuwasimulia hili mpaka mwisho. Kwa miaka nilikuwa nasema Mungu aliniambia, na mpaka leo namshukuru Mungu, hapo sibadilishi. Ila baadae nikiwa nimetulia narudisha safari ile kichwani ndo nikagundua kitu, barabara ile usiku haikosi gari la kupishana nalo, kila dakika mbili tatu mnapunguziana taa, na usiku ule kwa robo saa nzima sikuwa nimepishana na gari hata moja. Macho yaliona kwamba magari hayaji. Akili yangu ya kuongea ilikuwa inawaza habari za ada na kodi, lakini kuna kitu ndani kilikuwa kinahesabu kimya kimya kikaona hesabu haiendi, kikatoa mguu kwenye mafuta kabla hakijaniambia sababu.

Nilikuja kusoma habari za Juan Manuel Fangio, yule dereva wa mashindano wa Argentina, nikajiona mle. Mwaka 1950 kule Monaco alikuwa anaongoza, yuko mzunguko wa pili, anakaribia kona ya upande wa bandari na spidi kali, akafunga breki. Mbele ya ile kona magari yalikuwa yamegongana yamerundikana, maana mzunguko wa kwanza maji ya bahari yalirukia njia watu wakateleza. Yeye alipokuwa hawezi kuyaona. Alichokiona ni watazamaji, yeye ndo anaongoza kwa hiyo sura zote zilitakiwa zimwelekee yeye, ila zilikuwa zimegeuka zinaangalia kwingine. Akapita taratibu kwenye upenyo uliobaki, na mashindano akashinda.

Umeona? Machale ni kitu ambacho umeshakiona ila hujakipatia maneno. Mi ndo ninavyoamini hivyo, na ndo maana nikisikia mtu anasema fuata moyo tu, au mwingine achana na moyo fuata akili, naona wote wanampunja anayewasikiliza.

Kuna watafiti wa Marekani, kina Antoine Bechara na Antonio Damasio, mwaka 1997 walitoa matokeo ya mchezo wa karata. Mafungu manne, mawili yanakupa ushindi mkubwa ila hasara yake ni kubwa zaidi, mawili yanakupa kidogo kidogo ila mwisho unabaki na faida. Mchezaji haambiwi. Wakamfunga vipimo vya jasho la ngozi. Kufika kama karata ya 10 hivi watu walikuwa wanaanza kutoka jasho kabla mkono haujagusa fungu baya, na wakiulizwa wanasema hawajui kinachoendelea, kuhisi hisi fungu gani baya kulikuja kama kwenye karata ya 50, kueleza kabisa mpaka karibu na 80. Lakini sikia na hii, hii ndo nimeipenda zaidi, mwaka 2004 wengine wakaurudia mchezo ule ule ila wakawa wanawauliza wachezaji maswali ya kina zaidi, wakakuta watu wanajua mapema kuliko walivyokuwa wanasema. Yaani jibu lilikuwa mdomoni, hakuna aliyewauliza vizuri.

Sasa wewe umeshaambiwa na roho kwamba hapana. Umeiuliza imeona nini?

Nikwambie niliposhindwa kuuliza. Unakumbuka ule mwaka tulihama nyumba ghafla, ukabadilisha shule katikati ya muhula, mama yako akawa hataki kuongea? Sikuwahi kukueleza vizuri. Kuna mtu nilikuwa namwita rafiki, alikuja nimdhamini mkopo. Tumekaa pale sebuleni, anaongea, na mimi tumbo limekaza, kweli kabisa limekaza kama nimemeza jiwe. Nikajiambia acha roho mbaya. Nikasaini.

Niliyoyaona usiku ule nakumbuka yote mpaka leo. Kila nilichouliza alijibu hapo hapo, fasta, isipokuwa nilipomuuliza habari za mtu aliyekuwa anafanya naye kazi kabla, hapo akaanza kunisifia watoto. Aliniita kaka karibu kila sentensi wakati siku zote ananiita kwa jina. Na alikuwa na haraka, lazima leo, kesho dirisha linafungwa. Mama yako alipopita aliacha kuongea. Vyote hivyo niliviona kwa macho yangu, tumbo likavikusanya likanipa kwa pamoja, na mimi nikavitupa kwa sababu moja tu mwanangu, haya. Niliona aibu kumwambia rafiki yangu subiri nifikirie. Niliona nitaonekana simwamini. Machale niliyasikia vizuri kabisa, ila heshima yangu kwa mtu niliiweka juu ya watoto wangu, na hilo bado linaniuma, samahani sana mama.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nini hasa kinatufanya tusiyasikilize, kwa niliyoyaona maishani ni hiyo aibu kuliko kingine chochote. Msichana anapanda gari ambalo roho inakataa kwa sababu dereva ameshasimama na mlango umeshafunguliwa, ataonekana mjinga. Mtu anaingia lifti ya ghorofani na mtu ambaye mwili umemsisimkia kwa sababu milango ikifunga usoni mwake ataonekana ana dharau. Kwenye mambo ya mwili wako na usalama wako sitaki uulize chochote, ondoka kwanza, sababu utaitafuta ukiwa umeshafika nyumbani. Ukikosea umepoteza lifti moja, basi, mwenye lifti atakusamehe na asipokusamehe hakuna kitu.

Lakini nisikudanganye kwamba machale hayakosei, yanakosea tena vibaya. Kuna kijana aliletwa awe utingo wangu, siku ya kwanza tu roho ikamkataa. Haangalii mtu usoni, anaongea kidogo, ana kovu refu shavuni. Nikasema huyu mwizi. Miezi miwili namficha funguo. Kumbe alikuwa na aibu tu, na siku nimeugua homa njiani ndo huyo huyo alikaa na mimi siku tatu na mzigo haukupungua hata kamba. Niliuliza baadae, roho yangu ilikuwa imeona nini? Kovu. Na hadithi za kovu nilizipata kwa watu, sikuwa nimewahi kuibiwa na mwenye kovu hata mmoja.

Hapo nilikuja kuelewa vizuri kupitia wasomi wawili, Gary Klein aliyekuwa anafuatilia wazima moto na anaamini sana hisia za wazoefu, na Daniel Kahneman aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002 ambaye hizo hisia alikuwa anazitilia shaka. Walikuwa pande mbili tofauti, wakakaa pamoja wakaandika mwaka 2009, wakakubaliana kwamba hisia ya kuaminika inatoka pale ambapo mambo yana mpangilio unaojirudia na wewe umekaa hapo muda wa kutosha ukiambiwa umekosea au umepatia. Na kwamba kujisikia una uhakika sio kipimo. Barabara ilinijibu kila siku kwa miaka, nikikosea naona hapo hapo. Kovu la mtu hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Na wewe una hilo la pili, la kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na sio kosa lako, kengele yako ilichelewa mara moja sasa inapiga mapema kwa kila upepo. Mi nilivyojichunguza, woga wangu unaongea sana, unanipeleka mwaka kesho na mwaka keshokutwa, itakuwaje nikifilisika, watu watasemaje, na unakuja na mtu yeyote mradi kuna pesa mezani. Machale yananishika kwa huyu na sio yule, kwa neno hili alilosema leo, na yanakuwa mafupi. Sisemi ni kipimo cha kila mtu, ila jaribu kuangalia, je roho ilikataa tangu ulipoiona karatasi tu, au kuna siku maalum, kuna sentensi fulani aliyoisema ndo ukabadilika? Na usijiulize saa nane usiku. Mi nikiwa na usingizi barabarani nilikuwa naona watu wanavuka ambao hawapo, mwili uliochoka unapiga kengele ovyo. Lala, kula, halafu uulize asubuhi. Na kama utakuta kengele inalia mchana kutwa kwa kila kitu, mpaka kwa watu wanaokupenda, hapo tafuta daktari au mshauri uongee naye, sio aibu.

Sasa kuhusu mkataba wako. Gari halijawaka hilo, una muda, kwa hiyo sikwambii saini wala sikwambii kimbia. Chukua karatasi uandike kila kitu ulichokiona kwake tangu mmeanza kuongea, hata kidogo namna gani, alichekaje, alikwepa swali gani, alimjibuje mtu mdogo kwake kama mhudumu au mlinzi. Andika usichague. Kama karatasi ikibaki tupu na unachoona ni yule tapeli wa zamani tu, basi hilo ni jeraha na huyu kijana umpe haki yake. Kama yakitoka mambo matatu manne, yageuze yawe maswali umuulize yeye mwenyewe, hesabu za biashara yake ya kwanza ziko wapi, aliyefanya naye kazi mwanzo naweza kuongea naye, kwa nini kipengele hiki cha kujitoa kiko hivi. Mtafute na mwanasheria aupitie mkataba, karatasi kuwa sawa machoni pa rafiki zako haitoshi.

Halafu mwambie unahitaji wiki moja. Hilo tu, wiki moja, usijieleze sana. Na wakati unamwambia muangalie usoni, sikiliza anavyopumua, anavyokujibu. Mimi yule wangu kama ningemwomba hiyo wiki naamini ningeshuhudia kila kitu hapo hapo sebuleni.

Rafiki zako wanaosema ni bahati usigombane nao, wao hawakukaa naye mezani.

Ukishamwambia nipigie, hata kama ni usiku, simu naiweka karibu. Na hiyo karatasi utakayoandika nitumie picha, mama yako naye anataka kuisoma, amesema safari hii na yeye anakaa kwenye kikao.

Baba yako.