Kiwanja kidogo na ndege za ratiba

Ndugu, umeuliza kama kiwanja kidogo cha ndege mkoani kinaweza kudumisha safari za abiria za ratiba. Kinaweza, ila usianze na urefu wa njia ya kurukia, anza na viti. ATR 72, ndege ya pangaboi ya safari fupi, ina viti kama 70. Ikiruka na abiria 25, rubani, mafuta na ada ya kutua vinalipwa vilevile. Ndege ya viti kumi na ushei, kama Cessna Caravan, inaweza kuishi mahali ambapo ile kubwa ingefilisi kampuni.

Halafu tazama ratiba yenyewe. Safari mbili kwa wiki hazimfai mfanyabiashara anayetaka kwenda asubuhi na kurudi jioni. Atapanda basi, na ndege itazidi kuwa tupu. Barabara mpya nayo hunyang'anya abiria (wanasiasa hawapendi kusikia hili).

Hata Marekani, ilipoyaachia mashirika yajipangie njia na nauli mwaka 1978, serikali ililazimika kutoa ruzuku kwa safari za miji midogo, na inatoa mpaka leo. Kwa hiyo mwulizeni anayewaahidi ndege: viti vitupu vya mwaka wa kwanza atavilipia nani, na kwa mkataba wa muda gani?