Bimu ikigongwa, mgongo wake uangalie pia

Nasimamia mijengo hapa Kisumu, na ombi langu kwa yeyote anayejenga slabu ya bimu na bloku (sakafu ya bimu za zege zilizopangwa sambamba, bloku zikijazwa kati yake) ni hili: bimu iliyoanguka au kugongwa usiipitishe kwa sababu tu huoni ufa chini yake.

Bimu hizi hutengenezwa kwa nyaya za chuma kigumu. Nyaya huvutwa kwanza, zege linamwagwa, na likishakomaa nyaya zinaachiliwa. Zinapotaka kurudi urefu wake, zinalibana zege, hasa la upande wa chini. Mbano huo ndio uzima wa bimu, lakini ndio pia unaoficha jeraha. Pigo likifungua ufa chini na nyaya zisivutike kupita kiasi, zinaufunga tena. Unabaki ukitazama bimu inayong'aa.

Halafu kuna mrudio. Bimu iliyopindishwa chini na pigo hujirusha juu, ikapita usawa wake. Hapo nyaya za chini zinauongezea nguvu mwendo huo, mgongo unavutika, na zege uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa kubanwa. Kwa hiyo ufa waweza kuwa juu, mahali ambapo wengi hawaangalii. Pigo zito linaweza pia kuacha nyufa za mshazari karibu na lilipotua.

Wanaorusha mifuko ya simiti juu ya bimu tupu huwa nawapigia hesabu. Chukua mfuko wa kilo 50 ambao ukiwekwa taratibu unaipinda bimu milimita 1. Uangushe kutoka mita 1: kwa hesabu ya msingi, bimu inaupokea kama mzigo wa mara 46 hivi ya uzito wake. Uzito wa bimu yenyewe na kubonyea kwa mfuko hupunguza kiasi hicho, ila bado ni pigo kubwa. Hata mzigo ulioachiliwa ghafla bila kuanguka huhesabiwa mara mbili.

Lori likifika, bimu ziteremshwe zikishikwa karibu na ncha zote mbili, wala zisilazwe kichwa chini. Iliyogongwa imwagie maji, uipanguse, kisha uisubiri ikauke. Ufa mwembamba hubaki mstari mweusi wenye unyevu wakati kwingine kumeshakauka. Pita mgongoni, ubavuni, mpaka kwenye ncha. Waya ukiwa umezama ndani ya zege pale mwishoni, umeteleza. Nikiona dalili mojawapo naitenga bimu hiyo mpaka injinia aikague, na sikubali ipakwe simiti ipandishwe.