Intamezo si mapumziko

Msomaji wa Malindi anayefanya kazi hotelini anauliza: kwenye ratiba ya usiku wa muziki wageni Waitaliano waliandika intermezzo, yeye akatangaza ni mapumziko, watu wakainuka kuagiza vinywaji na huku mpiga piano ndo kwanza anaanza. Sasa hilo neno maana yake nini hasa?

Ndugu yangu, mapumziko ni ule muda hakuna kinachochezwa, watu wanajinyoosha, wanaenda msalani, na Mtaliano huo anauita intervallo. Intermezzo ni kile kitu chenyewe kinachopigwa au kuigizwa katikati ya vitu viwili vikubwa, kwa hiyo watu wanakaa wanasikiliza. Ungesema tu "sasa kipande cha kati, halafu sehemu ya pili" wote wangeelewa.

Zamani huko Italia opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba, zile nzito za wafalme na mashujaa zilikuwa ndefu, basi baina ya sehemu moja na nyingine wakatia kichekesho cha kuimba. Kinachojulikana sana ni La serva padrona cha mtunzi Pergolesi, Napoli 1733, kijakazi anamzungusha bwana wake kwa hila mpaka anamuoa, na kiliingizwa vipande viwili ndani ya opera yake nyingine ambayo leo haipigwi sana, ila kichekesho hicho mpaka leo kinachezwa peke yake! Baadae neno likahamia kwenye muziki mtupu, mfano opera ya Cavalleria rusticana ya Mascagni ya 1890, pale katikati hakuna anayeimba, ni okestra tu. Na Brahms, mtunzi Mjerumani, mwaka 1892 akatoa intermezzo tatu za piano ambazo haziko katikati ya kitu chochote, jina limebaki tu kwa ule upole wake, kwa hiyo hata huyo mpiga piano wenu pengine alikuwa anapiga za namna hiyo.

Kwenye taarab je? Pale mwimbaji ananyamaza, udi na fidla zinaendelea na watu wanaenda kumtunza, mimi nisingeita intamezo manake bado ni wimbo ule ule. Wacheza chesi nao wanalo neno hili, umeliwa kete na kila mtu anangoja ulipize, wewe unampa shaha kwanza, yaani unamtishia mfalme wake, ndo unarudi kula.

Ukiliandika kwa Kiswahili andika intamezo, ngeli ya I-ZI kama piza, intamezo hii, intamezo hizi, maintamezo hapana jamani.