Maswali matatu yaliyoniokoa kwenye Historia na Serikali

Kidato cha tatu, kwenye somo la Historia na Serikali, nilipata alama tatu kati ya kumi na tano kwenye swali nililokuwa na uhakika nalo kuliko yote. Ilikuwa mwaka 2017. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na Kenya nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Mimi redio niliisikiliza mpaka betri zikaisha. Basi swali la uhuru wa Mahakama ya Juu lilipokuja kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, nikamwaga kurasa mbili: nani kaiba, nani kaibiwa, jaji yupi shujaa na yupi mwoga. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Hii peleka steji ya matatu." Zile tatu zenyewe zilitoka sehemu (a).

Juzi mdogo wangu, ambaye sasa yuko kwenye somo hilo hilo, alinipigia akiniuliza anisomee ile orodha ya majukumu ya gavana asikie kama ameikariri sawasawa. Nikamwambia afunge daftari.

Tatizo la sehemu ya Serikali ni kwamba imejaa orodha. Kazi za Bunge, kazi za Seneti (ile nyumba ya pili ya Bunge, inayosimamia maslahi ya kaunti), sababu za kuondolewa kwa huyu, sifa za kugombea kwa yule. Ukizikariri zinafanana, na siku ya mtihani kazi ya seneta unampa mbunge. Mimi nilizikariri muhula mzima hadi likizo ya Desemba nilipomsindikiza nyanya zahanati.

Dawa za presha hazikuwepo. Kwenye benchi kulikuwa na kina mama saba au wanane, na wote walikuwa wanamtukana mbunge. Mmoja akaapa kwamba kura yake hataipata tena. Nikakaa pale nikikumbuka daftari langu: Jedwali la Nne la Katiba, afya ya vituo vya chini ni kazi ya kaunti. Mbunge hanunui dawa za zahanati. Wa kuulizwa ni gavana, na wa kumuuliza kwa niaba yetu ni mwakilishi wadi, yaani mjumbe wetu kwenye bunge la kaunti, ambaye jina lake hakuna hata mmoja aliyelitaja. Sikusema kitu, maana hakuna mtoto wa sekondari anayewasahihisha kina mama wenye njaa saa saba mchana. Lakini niliporudi nyumbani nilichukua karatasi nikaandika kila cheo, na chini ya kila kimoja maswali matatu. Nani alimweka? Nani anaweza kumtoa? Pesa zake zinatoka wapi?

Chukua gavana. Wanaomweka ni wapiga kura wa kaunti. Kumtoa, hoja huanzia bunge la kaunti, na thuluthi mbili ya wajumbe wakiipitisha inapelekwa Seneti asikilizwe huko. Pesa ni mgao wa mapato ya taifa, ambao Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15, pamoja na anachokusanya mwenyewe: leseni za biashara, ada za maegesho, kodi ya ardhi. Na hata zikishafika, hazitoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Ukishaandika hivyo, orodha ya changamoto za ugatuzi, yaani huko kuzipa kaunti madaraka na pesa, inajitunga yenyewe: mgao kuchelewa, bunge la kaunti kuvutana na gavana, makusanyo ya ndani kuwa haba.

Sasa rudi kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Rais huwateua, ndiyo, lakini kwa pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama, na hawezi kumfukuza jaji bila jopo maalumu kuchunguza na kupendekeza hivyo. Ndiyo maana majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi ile ya 2017 waliweza kufuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, na wakabaki kwenye viti vyao. Hilo ndilo jibu nililopaswa kuandika. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikilipita na kukimbilia matusi ya redioni.

Kuhusu karatasi yenyewe sina mengi. Ukiambiwa utaje, taja, mstari mmoja unatosha. Ukiambiwa ueleze, kila hoja ina alama mbili, moja ya kuisema na moja ya kuonyesha inavyofanya kazi, na wengi huiacha hiyo ya pili mezani. Wanasiasa wa leo usiwataje kama hukuulizwa. Msahihishaji ana mwongozo wake, na chama chako hakimo.

Watakaofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni mpaka darasa la 2027. Baada ya hapo mfumo wa elimu wa 8-4-4 umekwisha. Wanaokuja nyuma wana mtaala mwingine, lakini gavana na majaji watawakuta pale pale.

Kidato cha nne kinaleta serikali za Uingereza, Marekani na India, na hapo ndipo wanafunzi hulia, eti ni mambo ya mbali. Nilimpa mdogo wangu Waziri Mkuu wa Uingereza ajaribu. Akaanza, "Alimweka mfalme." Nikamuuliza, mfalme anachagua amtakaye? Akanyamaza kidogo, nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Hapana. Anamchukua mwenye kuungwa mkono na wengi bungeni." Na wa kumtoa? "Hao hao wa bungeni. Hata chama chake kikimchoka." Halafu bila kuulizwa akasema, kumbe rais wa Marekani hawezi kutolewa na chama chake hivyo, na akakata simu aende kuliandika kabla halijamtoka.